Tairi moja kwa lami na matope: namna ya kuchagua ukiwa Uganda

Kabla hujauliza bei ya tairi, jiulize swali moja: katika kila kilomita 100 unazoendesha, ngapi ni za lami? Lijibu kwa hesabu. Weka kando ile picha uliyo nayo kichwani ya gari lako likipanda kilima cha matope.

Mimi huendesha wageni, na wengi wao huomba kwenda Kidepo, hifadhi ya wanyama iliyo kaskazini-mashariki mwa Uganda. Kwa jina, hiyo ni safari ya porini. Lakini ukiihesabu, kutoka Kampala hadi Gulu na kuendelea hadi Kitgum ni zaidi ya kilomita 400 za lami. Baada ya hapo ndipo moramu inapoanza, yaani barabara ya udongo mwekundu wenye kokoto, saa tatu au nne za vumbi au utelezi kutegemea mwezi, mpaka langoni. Ndani ya hifadhi kuna vijia vya udongo, mawe, na mito ambayo karibu mwaka mzima huwa mchanga mtupu. Kurudi ni lami ile ile. Kwa safari nzima, gari langu la porini limekanyaga lami karibu theluthi mbili ya mwendo. Na likikaa Kampala wiki mbili likisubiri wageni wengine, linapeleka watoto shule na kukaa kwenye foleni ya Kawempe. Hiyo yote ni lami.

Watu wengi hununua tairi kwa ajili ya siku moja mbaya. Walikwama mara moja Bwindi au njia ya Ishasha, wakalala ndani ya gari, na walipofika mjini wakafunga tairi lenye meno makubwa kuliko yote dukani. Halafu mwaka mzima wanaendesha na meno hayo barabara ya Jinja, mvua ikinyesha, lori mbele, boda kushoto. Tope litakuchelewesha, litakuchafua, pengine litakulaza njiani. Lami iliyolowa, ukiwa kwenye kasi ya 90, ndiyo inayoua. Kwangu mimi uchaguzi wa tairi unaanzia hapo: kwanza gari lisimame salama kwenye lami yenye maji, ndipo tuzungumze habari ya matope.

Herufi mbili na meno yenyewe

Ubavuni mwa matairi mengi ya 4x4 utaona herufi H/T, A/T au M/T. H/T ni ya barabara kuu. A/T ni ya ardhi ya kila aina. M/T ni ya matope. Siku hizi kuna na R/T, iliyo kati ya A/T na M/T. Herufi hizi zinasaidia, lakini hakuna kipimo kimoja kinacholazimisha kila kampuni kuzitumia kwa namna ileile. A/T ya kampuni moja inaweza kuwa pole kama H/T, na ya nyingine ikawa kali karibu na M/T. Kwa hiyo usiishie kwenye herufi. Inama uangalie meno.

Utaona vitu vitatu. Kuna vibonge vya mpira, ambavyo ndivyo vinavyogusa ardhi. Kuna mifereji kati ya kibonge na kibonge. Na juu ya vibonge, ukichungulia vizuri, kuna mikato myembamba kama chale zilizopigwa kwa wembe. Ugomvi wote wa tairi la lami na tairi la matope umo katika vitu hivi vitatu.

Kwenye lami kavu mshiko unatokana na mpira unaogusa: mpira mwingi chini, gari linasimama mapema. Mvua ikinyesha, mifereji hupitisha maji yatoke chini ya tairi, na zile chale hufunguka kila kibonge kinapokanyaga, kingo zake zikakwangua utando wa maji uliobaki. M/T ina mifereji mipana na vibonge vichache vikubwa, na mara nyingi chale zake ni chache. Mpira unaobaki kugusa lami ni kidogo, na umetengenezwa uvumilie mawe kuliko kunata kwenye lami laini. Ndiyo maana gari lenye M/T huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama kwenye lami iliyolowa. Vibonge virefu navyo hujipinda ukikata kona, ukahisi usukani unajibu kwa kuchelewa. Ongeza mngurumo unaowachosha abiria kabla hamjafika Luweero, mafuta yanayokwenda zaidi, na meno yanayoliwa upande mmoja usipoyazungusha mapema.

Kwenye tope zito mambo yanageuka. Mifereji myembamba ya H/T hujaa tope kwa mzunguko mmoja tu, na tairi likabaki laini kama yai, likizunguka bila kushika kitu. M/T hutema tope lake kila gurudumu linapozunguka, hivyo meno hukutana na udongo yakiwa safi. A/T iko katikati: hutema kiasi, hushika kiasi.

Matope ya Uganda hayafanani

Ushauri mwingi unaosomwa mitandaoni umeandikwa na watu wa Australia au Marekani, na tope lao si letu. Hata letu lenyewe halifanani.

Moramu nyekundu, ile ya Buganda, Acholi na sehemu kubwa ya nchi, ikilowa huwa kama sabuni juu huku chini ikibaki ngumu. Barabara zake huinuliwa katikati ili maji yashukie mitaroni. Kwa hiyo gari likiteleza, linateleza kuelekea mtaroni, taratibu, na wewe unaona kabisa linakokwenda. Hapo hakuna tope refu la kuchimba. Meno makubwa ya M/T hayapati cha kung'ata. Kinachosaidia ni kingo nyingi ndogo zinazokwangua, yaani chale, na mguu mwepesi kwenye mafuta. Kwenye utelezi wa namna hii nimeona A/T nzuri ikipita kwa utulivu kuliko M/T iliyokuwa mbele yake.

Udongo mweusi wa Karamoja ni habari nyingine. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unavimba, unanata, unajaa kwenye meno, kisha kwenye madigadi, mpaka gurudumu linashindwa kuzunguka ndani ya nafasi yake. Huku M/T ina faida ya kweli, na anayeishi Kaabong au Kotido na kufanya kazi msimu wa mvua sina sababu ya kumzuia kuifunga. Lakini hata yeye atakwambia kwamba mvua ikishanyesha sana hakuna tairi. Watu huzima gari, huwasha moto, husubiri jua lifanye kazi yake kwa saa chache, kisha hupita mahali ambapo asubuhi pangewazika. Mvua za Karamoja huanza kama Aprili na kuendelea katikati ya mwaka. Anayekwenda Januari anaweza asione hata tone.

Kuna tope la Kigezi, la milimani, ambako njia za kuelekea Bwindi zinapanda na kushuka na mvua haina haya. Shida kubwa huko ni mteremko. Gari likianza kuteleza kushuka kona, unataka mabega ya tairi yenye meno, yaani ule ukingo ambapo sehemu ya kukanyaga inakutana na ubavu. Ukichagua A/T, angalia mabega hayo. Kama ni laini na ya mviringo, tairi hilo ni la barabara kuu lililovalishwa jina la A/T.

Halafu kuna mawe. Huwa tunasahau mawe kwa sababu hayapigwi picha kama matope. Kisoro, chini ya Muhabura, njia nyingi zimepita juu ya mawe ya volkano yenye makali. Karamoja kuna mawe na kuna miiba ya migunga, ambayo haichagui pa kuingia. Pancha ya sehemu ya kukanyaga huzibwa kwa dakika 10 na safari ikaendelea. Tairi likichanika ubavuni, limekwisha. Fundi wa njiani anaweza kukuwekea kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili ufike mjini, na mshukuru kwa hilo, lakini usirudi nalo kwenye kasi ya lami.

Kwa hiyo ubavu una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tairi ambalo namba yake inaanza na LT limejengwa kwa ajili ya gari la mizigo nyepesi. Nyuzi zake ni nyingi zaidi, ubavu wake ni mgumu zaidi. Utaona pia herufi ya daraja la mzigo: C ni sawa na plai (tabaka za nyuzi) 6, D ni plai 8, E ni plai 10, ingawa tairi la leo halina plai nyingi hivyo kwa kuhesabu, ni nguvu yake inayolinganishwa na plai za zamani. Tairi la LT ni zito, safari yake ni ngumu kidogo mgongoni, na linahitaji upepo zaidi kubeba mzigo uleule. Fundi akikufungia LT akaweka upepo uleule wa tairi la zamani, amekudhulumu bila kujua.

Mimi mwenyewe nimefunga A/T ya LT yenye mabega makali na chale nyingi. Kwa Prado inayobeba wageni na kulala lami na moramu, sijaona sababu ya kwenda zaidi ya hapo. Mwenye RAV4 ya mjini inayokwenda kijijini Mubende kila mwisho wa mwezi, A/T ya kawaida isiyo LT inamtosha, na gari lake litamshukuru kwa kutobebeshwa tairi zito.

Kusoma ubavu

Chukua mfano wa 265/65R17 112S, saizi ya kawaida ya Prado nyingi. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na ubavu hapa ni kama milimita 172. R ni radiali, namna nyuzi zilivyopangwa. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni namba ya mzigo, na maana yake tairi moja hubeba hadi kilo 1,120. S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa. Ukiona Q ni 160, R ni 170, T ni 190. Mwenye nyumba ya wageni anayejaza Hilux saruji na mabati aangalie namba ya mzigo kabla ya kuangalia meno.

Ubavu mrefu ni rafiki wa barabara mbaya. Nimeona magari mazuri yenye rimu za inchi 20 na tairi nyembamba kama mkanda yakipelekwa njia za mawe, na kila shimo lilikuwa likigonga rimu moja kwa moja. Kama gari lako linakubali rimu ya 17 badala ya 18 au 20, chagua ndogo.

Kisha tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka kuanzia mwaka wa 5, na likifika miaka 10 liondoke hata kama meno yamebaki. Jua la kwetu haliongezi umri huo.

Nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na huja na tairi zake. Mwaka juzi shemeji yangu alinunua gari lililokuwa limefika karibuni. Alifurahia matairi kuliko injini, kwa sababu meno yalikuwa marefu, mapya kabisa. Wiki ya pili, ndani ya msitu wa Mabira, mvua ikinyesha, lori likasimama mbele yake. Alikanyaga breki na gari likaendelea kama halikusikia. Alikwepa, akaishia majanini. Hakuna aliyeumia, na tunamshukuru Mungu. Fundi wa matairi aliyelikagua gari kesho yake hakuhitaji mashine. Alibonyeza kibonge kwa ukucha, ukucha ukazama, akainua macho kumtazama shemeji.

“Mzee, hizi ni za barafu. Huko kwao ni dawa. Hapa kwetu joto linazila, na maji yanazishinda.”

Ubavuni palikuwa pameandikwa STUDLESS. Nilikuwa nimelipita neno hilo mara mbili bila kulisoma. Tairi la baridi kali limetengenezwa kwa mpira laini unaobaki laini hata kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na limejaa chale za kupindapinda ili ling'ate barafu. Kwenye lami ya Uganda mpira huo ni laini kupita kiasi. Vibonge vinalegea ukifunga breki na vinaisha upesi. Kando ya neno hilo mara nyingi huwa pana alama ya mlima wenye vilele vitatu na kitone cha theluji ndani. Tahadhari moja: baadhi ya A/T nzuri nazo zina alama hiyo ya mlima, na M+S, yaani matope na theluji, hupigwa karibu kila A/T. Hizo peke yake zisikutishe. Neno STUDLESS, au SNOW, pamoja na mpira laini chini ya ukucha, ndivyo vya kukufanya uzivue siku ileile.

Na ukinunua tairi lililotumika, pitisha kidole ndani ya mifereji. Kuna watu huchonga mifereji upya kwa kisu cha moto tairi linapoisha. Mfereji wa kiwandani una vijinundu vidogo chini yake, vinavyoonyesha kwamba meno yamebaki milimita 1.6. Mfereji uliochongwa hauna, na kingo zake huwa mbovu. Chini yake kumebaki mpira kidogo sana kabla ya nyuzi.

Kuongeza saizi

Vijana wengi hutaka tairi kubwa zaidi. Tufanye hesabu. 265/65R17 ina kipenyo cha kama milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17 unapata 803. Gari limeinuka milimita 13 tu, kwa sababu nusu ya nyongeza iko chini ya ekseli na nusu iko juu. Kasi nayo imedanganya: spidomita ikionyesha 100, wewe unakwenda 103 na ushee. Hicho ni kiasi ambacho Prado hukivumilia, na wengi hukifanya. Ukiruka hadi 285/70R17, kipenyo ni 831, karibu asilimia 7 zaidi. Sasa gia zinakuwa nzito, breki zina kazi ya ziada, na ukikata usukani mpaka mwisho tairi linaweza kulamba digadi. Kwa faida gani? Milimita 27 za kuinuka.

Upana nao una imani zake. Watu hudhani tairi pana ndilo la matope. Kwenye mchanga, ndiyo, upana huelea. Kwenye tope lenye sakafu ngumu chini, tairi jembamba hukata na kufika kwenye sakafu hiyo. Angalia zile Land Cruiser za hospitali na mashirika zinazozunguka West Nile na Karamoja miaka nenda miaka rudi: nyingi zimevaa 7.50R16, tairi jembamba, refu, la tyubu mara nyingi, ambalo fundi yeyote wa kijijini analifungua kwa vyuma viwili na nyundo. Hazipendezi kwenye harusi, lakini kazi yao naiheshimu.

Upepo

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu upepo ni wa bure na unafanya kazi kuliko meno.

Nilijifunzia njia ya Katunguru kwenda Ishasha, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, mwezi wa Oktoba. Malori ya kwenda Congo yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu, na nilikwama nikiwa na tairi jipya lenye meno kamili. Nilichimba, nikatia matawi, nikazungusha magurudumu mpaka harufu ya mpira ikaja. Taniboi wa lori lililokuwa limekwama nyuma yangu alikuwa ameketi juu ya jiwe akinitazama. Mwishowe akaja, akaweka kidole kwenye valvu.

“Papa, upepo ni mwingi. Punguza.”

Nilikuwa na PSI 40, kile kipimo cha upepo cha kwenye geji, kwa kuwa kituo cha mafuta cha mwisho walijaza 40 bila kuniuliza. Akachukua njiti, akabonyeza valvu moja baada ya nyingine, akisikiliza mlio na kutazama ubavu unavyovimba chini. Nilipopima kwa geji, zilikuwa kati ya 18 na 20. Gari likatoka kwa gia ya kwanza nzito, bila fujo, kama vile hapakuwa na tope.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Gari la kilo 2,600 hugawa kama kilo 650 kwa kila tairi. Kwenye upepo wa 35, ambayo ni kama kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba, tairi linahitaji kugusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 260, pungufu kidogo ya ukurasa wa daftari dogo la shule. Ukishusha hadi 18, eneo hilo linakaribia kuwa maradufu. Ugumu wa ubavu hupunguza kidogo hesabu hii, lakini ndivyo inavyokwenda. Na alama ya tairi hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka, hivyo meno mengi zaidi yanashika kwa wakati mmoja.

Namba zangu, kwa Prado iliyopakia, zote kwa PSI ambazo mafundi wetu husoma kwenye geji: lami ni kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, na kwa tairi langu la LT naongeza 4 juu yake. Moramu kavu yenye makorongo madogo madogo ya kutetemesha, 28, na sizidi kasi ya 60. Tope, 20. Mchanga wa mito ya Kidepo, 16 hadi 18, na mwendo wa mtu anayekimbia. Chini ya 15 sishuki, kwa sababu tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Upepo mdogo pia huokoa ubavu kwa namna fulani, maana tairi laini hukumbatia jiwe badala ya kupigana nalo, ila ubavu unatokeza nje zaidi, kwa hiyo kwenye mawe makali ya pembeni uendeshe kwa macho.

Hatari ni kusahau kurudisha. Kwa kasi ya 80, tairi la saizi hiyo huzunguka zaidi ya mara 500 kwa dakika, na kila mzunguko ubavu wenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua. Joto hujengeka ndani, ambako hulioni, mpaka nyuzi zinaachana na mpira. Wengi wakiona tairi limepasuka njiani husema lilikuwa feki. Huenda. Mara nyingi lilikuwa limeachiwa upepo wa porini.

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama upepo wako wa lami ni sahihi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kisha pima tena baada ya saa moja ya lami. Ukipanda kama 4, uko vizuri, na kwa tairi la LT hata 6 ni sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo au umebeba kupita kiasi, kwa hiyo kesho asubuhi ongeza. Kamwe usipunguze upepo kwa sababu tairi ni la moto.

Yote manne, na la tano

Matairi manne yawe saizi moja, aina moja, na meno yasiyopishana sana. Kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne muda wote, kama Prado nyingi, tairi moja dogo kuliko mengine hulazimisha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi kila kilomita, na kuitengeneza difu ni ghali kuliko matairi yote. Kwa gari ambalo 4x4 unaiingiza mwenyewe, itoe ukifika lami kavu.

La tano, la akiba, nalo liwe saizi hiyohiyo. Nimemkuta mtu karibu na Orom ana M/T nne mpya za kung'aa na tairi la akiba lililokuja na gari, dogo, limepasukapasuka kwa jua. Hakuwa ameligusa tangu alinunue. Tulizunguka na pancha yake mpaka jioni.

Beba geji yako. Ile ya kituo cha mafuta husema inachotaka. Beba pampu ya umeme inayochukua moto kwenye betri, na kamba za kuziba pancha. Kila kilomita 10,000 hamisha matairi ya mbele na nyuma, na A/T uipeleke alaimenti kila inapotoka safari ngumu, kwa sababu meno makubwa huliwa upesi magurudumu yakiwa hayajanyooka.

Tukirudi kutoka Kidepo, nasimama Kitgum mahali moramu inapokutana na lami. Wageni wengine hudhani gari limeharibika. Natoa pampu, naanza na gurudumu la nyuma kulia, na kwa kila moja inachukua kama dakika sita kutoka 28 hadi 39. Wao hununua soda na chapati dukani ng'ambo ya barabara, watoto wa hapo huja kushika waya wa pampu. Gurudumu la nne likijaa, napima tena la kwanza, nafunga vifuniko vya valvu, tunashika njia ya Gulu.